Mke wa ndoa kuishi vizuri hapa Dodoma: ni hela ya mume, hela yake mwenyewe au watu wanaomzunguka?

#1 Katibu_Nkuhungu

Mbukwenyi wana jamvi.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama hapa Nkuhungu, tunaweka hisa na kukopeshana, wengi wetu ni wake za watu na wachache wajane. Kazi ya ukatibu inakufanya ujue mambo ya watu hata usiyoyataka, maana mtu akichelewesha rejesho lazima aeleze sababu, na akianza kueleza ndo unajua kwake kukoje.

Sasa kuna kitu nakiona na kinanikosesha raha. Tuna mama mmoja mume wake yuko wizarani huko Mtumba, nyumba yao wenyewe, gari lipo, watoto wanasoma inglishi midiamu. Lakini hisa anaweka kwa kujificha. Daftari lake haliendi nyumbani, linakaa kwangu ndani ya debe la unga, na siku ya kuvunja sanduku mwisho wa mwaka anaomba mgao wake tumpe kidogo kidogo ili mume asimkute na mzigo wa hela. Pembeni yake anakaa mama muuza karanga, mume anasukuma mkokoteni kule Sabasaba, wanapanga chumba na sebule. Huyu akitaka kukopa anakuja na mume wake, mume anasaini udhamini mbele yetu na anamwambia "chukua mama watoto, rejesho la kwanza niachie mimi". Huyu wa karanga ana mwili, anacheka, analala. Yule wa kwanza yuko kwenye dawa za presha na hajafika hata miaka 40.

Kwahiyo nasema, na atakayepinga apinge kwa hoja: kipato cha mume hakiamui mke anaishije. Kinachoamua ni kama mke ana kauli juu ya hela inayoingia ndani, iwe yake au ya mume. Mnaonaje?


#2 Bodaboda_AreaC

Katibu umeshamuuza mwenzio, kuanzia leo wanaume wote wa Nkuhungu wanakagua madebe ya unga 😂

Tuache utani, mi napinga. Hao wa mkokoteni wewe unawaona siku ya kikao wameoga. Mi ndo nawabebaga usiku mtoto akishikwa na degedege, mama kambeba mgongoni analia ananiambia kaka nipeleke nitakulipa kesho, baba kabaki nyumbani na sio kwamba hawapendi, hana hata mia. Ukiwa na kauli juu ya hela ambayo haipo inakusaidia nini? Hela kwanza, mengine baadae.


#3 Mgogo_wa_Mvumi

Namuunga mkono boda. Mnaoongea ya mjini mnasahau kwamba mkoa huu una watu zaidi ya milioni 3 na wengi wao wanategemea jembe. Mvua yetu ni msimu mmoja, inaanza Desemba hivi, ikikata Februari uwele na mtama vikaungua basi mwaka umeisha hakuna msimu wa pili wa kukimbilia. Mume anaondoka kwenda kutafuta vibarua, wengine Kibaigwa kubeba magunia, wengine Morogoro, wengine wanafika Dar na wanasahau njia ya kurudi. Mke anabaki na watoto, mama mkwe na ghala tupu. Kwetu mwaka wa mavuno ndoa zinatulia, mwaka wa njaa kesi kwa balozi wa nyumba kumi haziishi, watu wale wale, mume yule yule mke yule yule. Sasa niambie hapo kilichobadilika ni kauli au ni gunia?


#4 Nesi_wa_Zamu

Habari zenu. Hili swali lina vipimo vyake. Shirika la Afya Duniani wana dodoso lao la ubora wa maisha, toleo fupi lina maswali 26 na yamegawanywa maeneo manne: mwili, hali ya akili na hisia, mahusiano na watu, halafu mazingira, na huko kwenye mazingira ndo kuna hela, usalama, nyumba, usafiri na huduma za afya. Hela ina swali lake, unaulizwa kama unayo ya kutosha mahitaji yako, sawa. Lakini kuna swali kama unaridhika na usingizi wako, kuna la msaada unaoupata kwa marafiki, kuna la nafasi ya kupumzika na kufanya unachopenda, na la tendo la ndoa lipo pia.

Kwa akina mama ninaowapima presha, hilo la usingizi ndo linawaangusha. Kuna mitaa hapa mjini maji ya mgao yanatoka usiku wa manane. Mama amemaliza vyombo saa nne usiku, saa nane anaamka kukinga. Anaanza na pipa, kisha madumu, ndoo, beseni la kuogea mtoto, mwisho masufuria. Maji yenyewe yanatoka kama uzi kwahiyo anakaa kwenye kigoda nje na kitenge kajifunika kichwani, anasinzia huku kashika mpira, pipa likijaa maji yanamwagikia miguuni ndo anashtuka ahamishe. Saa kumi na moja anaamsha watoto wa shule. Mume yuko ndani amelala na wala sio mtu mbaya, ni vile hakuna aliyewahi kumwambia maji na yeye yanamhusu. Huyo mama mpe milioni mkononi bila simtanki wala mtu wa kupokezana naye zamu, mwezi ujao presha yake nitaikuta pale pale.


#5 Bodaboda_AreaC

Nesi hapo kwenye tendo la ndoa umepita mbio sana, rudi tufafanulie.


#6 Nesi_wa_Zamu

Nimeshafafanua kaka. Mtu aliyelala masaa matatu hilo swali atalijibuje? Kinga maji wewe wiki moja tu halafu urudi hapa utupe majibu.


#7 Mwl_Mama_Mapacha

Hahaa Nesi umemuweza.

Mi nataka kuongezea upande ambao Katibu hajaugusa. Watu wanasema mwanamke akiwa na kipato chake mambo yake safi. Mi ni mwalimu, nina mshahara. Wakati naolewa sikuwa na ajira na mume alikuwa analipa kila kitu bila shida. Nilivyoanza kupata mshahara akaanza kuachia kimoja kimoja. Kwanza luku, akasema wewe ndo unapika na unapiga pasi. Kisha ada. Kisha dada wa kazi, akasema ni msaidizi wako sio wangu. Halafu akaniomba nichukue mkopo benki tununue kiwanja Nala, nikachukua, tukajenga, karatasi zote zina jina lake na makato yote yako kwenye mshahara wangu. Hela yake siijui inaenda wapi na nikiuliza naambiwa nimeanza dharau kwa sababu nina ajira.

Na kazi za ndani hazijapungua hata moja. Nilipojifungua mapacha sheria ya kazi ilinipa siku 100, wa mtoto mmoja anapewa 84, baba siku 3. Hizo 3 zenyewe mzee alizitumia kupokea pongezi. Kwahiyo Katibu, mimi hela ninayo na ni yangu halali, ila kabla ya ajira nilikuwa nalala vizuri kuliko saivi. Na sio mimi peke yangu, kaa ofisi ya walimu mwisho wa mwezi usikilize.


#8 Katibu_Nkuhungu

Pole sana mwalimu. Ila hapo si ndo unanithibitishia? Hela ipo, kauli haipo.


#9 Mgogo_wa_Mvumi

Mwalimu pole, lakini ulisaini mwenyewe hukushikiwa mkono. Na usiogope, ukiondoka nusu ya nyumba ni yako, sheria iko wazi nusu kwa nusu. Mbona hata ambao hawajafunga ndoa, ukikaa na mwanamke miezi sita tu tayari ni mkeo na anagawiwa.


#10 Wakili_wa_Mtaa

Mzee wa Mvumi hapo umechanganya mawili, ngoja tuyaweke sawa kabla watu hawajaenda mahakamani na imani hiyo.

La miezi sita ni maneno ya vijiweni. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 160 kinasema miaka 2 au zaidi, na mwe mnajulikana kwenye jamii kama mume na mke, na hata hapo ni dhana tu, upande mwingine unaweza kuleta ushahidi kuipinga.

La nusu kwa nusu nalo haliko hivyo. Kifungu cha 114 mahakama inaangalia kila mmoja kachangia nini kwa hela, mali au kazi, inaangalia madeni waliyoingia kwa faida ya wote, mahitaji ya watoto na mila za jamii husika, ikishapima hayo ndo inaegemea kwenye usawa. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ilikubali kwamba kupika, kufua na kulea ni mchango kwenye mali ya ndoa. Watu wanaishia hapo kuisimulia. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgao, mahakama iliona mume alishampa hela zamani ya kujiendeleza na hakuitumia ilivyokusudiwa. Kwahiyo kanuni ilipatikana ila mwenye kesi alirudi mikono mitupu.

Mwalimu: tunza salari slipu zako zote zinazoonyesha makato na nakala ya mkataba wa mkopo. Na nyumba mnayoishi kama ya ndoa, kifungu cha 59 kinamkataza kuiuza, kuipangisha, kuigawa au kuiweka rehani bila ridhaa yako hata kama jina ni lake peke yake, na una haki ya kuweka zuio. Mali ikiwa na majina yenu wote wawili sheria inachukulia mna haki sawa mpaka mtu athibitishe vingine. Huko kubadilisha jina ndo mkaongee, mkiwa bado mnaongea.


#11 Mwl_Mama_Mapacha

Asante wakili, slipu ninazo zote tangu ya kwanza. La zuio sikulijua kabisa.


#12 Bi_Kongwa

Wajukuu zangu hamjambo. Mjukuu wangu ndo ananiandikia haya, mimi nasema yeye anaandika.

Mnabishana hela hela, mimi nimeolewa kwa ng'ombe na sikuwahi kushika noti ya mume wangu mpaka anakufa. Nilikuwa mke wa pili. Mwenzangu, mke mkubwa, ndiye aliyenizalisha watoto wangu wawili wa kwanza, usiku, kituo cha afya kilikuwa mbali. Tukipura uwele tunapura pamoja, akiugua mimi napika nyumba zote mbili. Mama mkwe alikuwa mkali lakini alikuwa mkali kwa wanawe pia, mwanae akinyanyua mkono anamfuata na fimbo yake. Sasa hapo nitasema niliishi vibaya? Niliishi vizuri kwa sababu ya watu.

Nilikuja kuishi vibaya mume alipokufa. Shemeji zangu wale wale niliowapikia, wiki ya tatu walikuja kuhesabu ng'ombe, wakasema hizi ni za ukoo. Shamba la mabondeni wakachukua, wakaniachia la mlimani lenye mawe. Wanangu walikuwa wadogo. Hao nao ni watu. Mwenye kusema watu ndio maisha aseme pia watu hao hao wanageuka.


#13 Nesi_wa_Zamu

Shikamoo bibi. Pole sana.


#14 Bodaboda_AreaC

Shikamoo bibi. Hiyo ya mama mkwe na fimbo siku hizi hakuna, siku hizi mama mkwe anakuja na begi anauliza mwanangu mbona amekonda.


#15 Wakili_wa_Mtaa

Shikamoo bibi. Niongeze kwenye la bibi maana ni pana kuliko kesi yake. Kanuni za mila zilizotangazwa na serikali 1963, kwa makabila yanayofuata upande wa baba, zinasema mjane hana fungu kwenye urithi kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Kwa Waislamu mjane ana fungu linalojulikana, thumuni yaani moja ya nane kama marehemu ameacha watoto, robo kama hakuacha. Kwahiyo wanawake wawili majirani wanaweza kuishi na waume wenye kipato kile kile miaka yote, waume wakifa mmoja anabaki na kitu na mwingine anabaki na mawe, inategemea sheria gani imetumika. Mkipima maisha ya mke pimeni na hofu anayolala nayo ya siku hiyo.


#16 Zabibu_Hombolo

Nimesoma yote toka juu. Mi niko kwenye zabibu huku Hombolo, tunavuna mara mbili kwa mwaka kama mnavyojua. Kupogoa mimi, kupalilia mimi na watoto, kupiga dawa mume, kuvuna wote na vibarua. Siku ya kuvuna tunaingia alfajiri na mikasi kabla jua halijawa kali, unashika kishada kwa chini unakata kikonyo, punje zilizopasuka unazitoa palepale maana zikiingia kwenye kreti zinachachua na kuvuta nyuki, mkono mzima unanata sukari mpaka kwenye kiwiko. Kreti zinapimwa kwenye mzani, karani anaandika. Jina anaandika la mwanachama wa ushirika, na mwanachama ni mume maana shamba ni lake, kapewa na baba yake. Hela inaingia kwenye simu yake. Mimi natumiwa ya mboga.

Sasa Mgogo wa Mvumi anasema gunia likijaa ndoa inatulia. Kwetu hela ya zabibu ikiingia ndo ugomvi unaanza, maana inaingia yote kwa mpigo, wiki mbili mume haonekani. Msimu ambao mnunuzi anachelewesha malipo ndo tunakaa wote nyumbani tunakula mlenda kwa amani. Nashangaa ila ndo ilivyo.


#17 Mgogo_wa_Mvumi

Zabibu hiyo ni pombe, sio hela. Usiniharibie hoja. Mtoe mume wako pombe uone.


#18 Zabibu_Hombolo

Kaka na hela ya pombe inatoka wapi kama sio mkono ulioipokea? Ingeingia kwangu angeenda kunywa nini? Hapo niko na Katibu.


#19 Binti_Kondoa

Katibu mi nakuheshimu lakini hivi vikundi navyo muviangalie. Wanawake tumeambiwa tujitegemee tukope tufanye biashara, mtaji wenyewe tunachukua wapi? Kausha damu. Nilichukua kwa ajili ya genge, rejesho kila siku ya Mungu, uuze usiuze. Nilipoyumba wiki moja nikakopa kwa mwingine kulipa wa kwanza, halafu wa tatu kulipa wa pili. Mume hakujua. Siku waliyokuja kubeba tivii na godoro ndo akajua, na mbele ya majirani. Sikupigwa, ila alikaa mwezi mzima hajanisemesha. Kabla ya hiyo biashara tulikuwa maskini tu wa kawaida tunaelewana. Kwahiyo "mke awe na kipato chake" inategemea kipato kimetokana na nini, kikitokana na mkopo wa kila siku huo ni utumwa mpya umewekwa juu ya ule wa zamani.


#20 Katibu_Nkuhungu

Binti Kondoa nimekusoma na imeniuma. Lakini usituweke kapu moja na kausha damu. Sisi riba tunapanga wenyewe na inarudi kwetu siku ya kuvunja, sanduku lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti, mtu akipata msiba kuna mfuko wa jamii. Mtu akikwama tunamuita tunaongea, hatubebi godoro la mtu. Tatizo letu ni mtaji mdogo, na ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri walisimamisha, sijui kama itarudi.


#21 Afisa_Mstaafu

Dada Katibu, mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 na imesharudi tangu 2024 kwa utaratibu mpya. Mgawanyo ni ule ule, asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na haina riba. Muone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Ila kikundi kiwe kimesajiliwa, na hata bila kukopa halmashauri, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka vikundi vya kuweka na kukopa visajiliwe, nyie kwenye sheria hiyo ni daraja la nne, la vikundi vya kijamii. Na hao wa kausha damu wengi wanakopesha bila leseni yoyote, mtu aulize leseni kabla hajatoa picha ya tivii yake.


#22 Katibu_Nkuhungu

Asante mzee wangu, kesho niko ofisi ya kata.


#23 Mhamiaji_Kisasa

Wakuu niseme na mimi upande wa wanaume kidogo maana tunapigwa tu. Serikali ilivyotangaza 2016 kuhamia Dodoma mimi nilikuja na wimbi la kwanza kwanza. Mke ana kazi yake Dar, watoto walikuwa kwenye madarasa ya mitihani, tukasema mwaka mmoja tu. Hadi leo. Naendesha nyumba mbili, kodi mbili, luku mbili. Kwenye karatasi mke wangu ana kila kitu ambacho Katibu anakitaka: mshahara wake, nyumba ina majina yote mawili, mimi simuulizi hela yake na hela yangu anaijua hadi ya soda. Lakini akiniambia ukweli anasema amechoka, kila uamuzi wa mtoto ni yeye, geti likiharibika ni yeye, mtoto wa kiume amefika umri wa kumsumbua na baba yuko kwenye simu. Kauli anayo mpaka imemzidi. Hiyo treni ya SGR ilivyoanza 2024 imetusaidia sana, Ijumaa natoka kazini na usiku niko nyumbani, zamani basi lilikuwa linanifikisha nimekufa. Lakini wikiendi ni wikiendi.

Kwahiyo mimi naweka jibu langu: mume awepo. Hata kama hana hela nyingi awepo.


#24 Mwl_Mama_Mapacha

Awepo afanye nini lakini? Wangu yupo. Jumamosi yupo mnada wa Msalato, Jumapili yupo kwenye mpira, katikati ya wiki yupo kwenye rimoti.


#25 Bodaboda_AreaC

Mwalimu msiuguse mnada wa Msalato, pale mtu anakwenda kununua nyama ya familia.


#26 Nesi_wa_Zamu

Na hiyo nyama inafika nyumbani ikiwa mifupa kwenye gazeti. Wanaume wa Dodoma tunawajua.


#27 Mgogo_wa_Mvumi

Turudi kwenye mada. Mhamiaji kasema kitu. Kwetu vijijini wanaume wanaondoka kwa njaa, huko wizarani wanaondoka kwa barua ya uhamisho, mke anabaki peke yake vile vile. Ila bado nasema tofauti ya mke wa Mhamiaji na mke wa kwetu ni kwamba mke wa Mhamiaji amechoka akiwa ameshiba. Msiifanye shibe kuwa kitu kidogo.


#28 Binti_Kondoa

Na umri jamani mbona hakuna aliyeugusa? Mdogo wangu aliolewa akiwa na miaka 16, mume sio mlevi, ana duka, mama mkwe hana neno. Lakini mwenyewe hana anachoweza kuamua, kila kitu anauliza, hata akiumwa anasubiri aambiwe aende hospitali. Hajui kingine. Ukimuuliza unaishi vizuri anakwambia ndio. Dodoso la Nesi huyo atajaza vizuri tu.


#29 Wakili_wa_Mtaa

Hilo la umri Mahakama Kuu ilishasema 2016 kwenye kesi aliyofungua Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana chini ya miaka 18 kuolewa vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana na hilo 2019.


#30 Nesi_wa_Zamu

Binti Kondoa umenigusa. Ni kweli dodoso linauliza mtu anavyojiona kulingana na matarajio yake na mazingira aliyokulia, kwahiyo aliyefundishwa kutotarajia kitu atajipa alama nzuri. Wapo kliniki hao. Anasema hana tatizo lolote huku presha inasoma 160 kwa 100. Mimi kwa hao naamini mashine kuliko mdomo.


#31 Zabibu_Hombolo

Wakili nikuulize kitu kabla uzi haujapotea. Mimi nataka niwe mwanachama kwa jina langu nipime kreti zangu mwenyewe, ila sina shamba, shamba ni la ukoo wa mume. Mume nimeongea naye akiwa hajanywa, hakukataa, kasema nitakatiwa safu nane za mwisho karibu na barabara. Hiyo inatosha au ni maneno tu?


#32 Wakili_wa_Mtaa

Safu nane ni mwanzo mzuri ila kwa mdomo haitoshi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanaume. Andikeni barua wote wawili kwa halmashauri ya kijiji, eneo lipimwe muombe hatimiliki ya kimila, inaweza kuwa ya jina lako au majina yenu wote. Ikitokea ubishi kuna baraza la ardhi la kijiji, wajumbe 7 na 3 kati yao lazima wawe wanawake. Uanachama wa ushirika muulize karani masharti yao, kuna wanaokubali barua ya mwenye shamba.


#33 Bodaboda_AreaC

Sawa wakili, na ndugu wa mume wakija kusema shamba la ukoo halikatwi safu? Karatasi itawazuia hao? Bibi kaporwa ng'ombe mchana kweupe.


#34 Bi_Kongwa

Mama wa zabibu, usiende ofisini kwanza. Baba mkwe wako yupo hai? Kama yupo pika, muite yeye na ndugu zake wawili watatu wale, mumeo aseme mbele yao kuwa safu hizi nimempa mke wangu, wazipite kwa miguu waone mwisho wake uko wapi, pandeni mnyaa kwenye mpaka siku hiyo hiyo. Kisha ndio upeleke hiyo karatasi ya wakili na wao waweke dole gumba. Sisi tuliwaita wazee wakati mwenye kusema alishazikwa.


#35 Zabibu_Hombolo

Yupo bibi, anaumwa miguu ila yupo. Nashukuru. Naongea na mume Jumapili.


#36 Mgogo_wa_Mvumi

Bibi nakubali. Ila safu za karibu na barabara wezi wanazimaliza usiku, aombe za katikati.